Somo: Kuunganisha picha za mashamba kuwa panorama, kuanzia Lower Moshi mpaka vihambani

Wengi wakifika Chekereni au Mabogini, huko Lower Moshi, wakaona majaluba ya mpunga yamelala mpaka miguuni pa Kilimanjaro, hukimbilia lenzi pana. Picha ikitoka, mpunga upo na anga lipo, lakini mlima wa mita 5,895 umekuwa kichuguu. Lenzi pana huingiza mengi kwa kuvipunguza vyote, na kilicho mbali ndicho kinachoumia zaidi. Dawa ni kupiga vipande kwa lenzi ya wastani, mm 50 hivi au hata 70, kisha kuviunganisha. Mlima unabaki na kimo chake, shamba linapata upana wake.

Hatua ya 1: Saa na msimu

Ukiwa Lower Moshi mlima uko kaskazini yako, kwa hiyo asubuhi jua linatokea mkono wa kulia, upande wa kilele cha Mawenzi. Desemba na Januari linachomoza kusini kidogo ya mashariki: linapita nyuma ya bega lako na kumulika shamba na mlima kwa pamoja. Juni na Julai linahamia kaskazini-mashariki. Hapo mwanga ni wa ubavuni, matuta yanatoa vivuli vizuri mno, ila ukizungusha kamera kulia kupita kiasi unakutana na jua uso kwa uso. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshasimama mahali pako. Mawingu yakianza kupanda kutoka msituni, na mara nyingi huanza kabla ya saa nne, mlima umekwenda.

Kwa mpunga, ninachokipenda kuliko vyote ni jaluba lililojaa maji, miche imepandikizwa juzi tu. Kama hakuna upepo, kilele cha Kibo kinaonekana ndani ya maji, na juu yake miche imesimama mmoja mmoja, mistari ikipinda kufuata ukingo. Miche ikishatawanya machipukizi ni kijani kitupu. Kizuri nacho, lakini maji huyaoni tena.

Hatua ya 2: Piga hodi

Kingo za majaluba ni udongo uliopandishwa kwa jembe la mkono. Mguu wa stendi wenye ncha kali unautoboa, maji yanavujia kwa jirani, na mwenye zamu ya maji anapata hasara kwa ajili ya picha yako. Muulize mwenye shamba pa kukanyaga. Mara nyingi atakuonyesha na mahali pa kuona vizuri kuliko ulipochagua wewe.

Hatua ya 3: Stendi

Kamera ikae wima, si kulala. Sawazisha miguu ya stendi kwa pima maji kabla ya kugusa kichwa chake. Zungusha kamera kutoka mwanzo hadi mwisho wa mandhari: kiputo kikibaki katikati njia nzima, uko sawa. Ukisawazisha kichwa tu, vipande vitapanda au kushuka kama ngazi na utalazimika kukata nusu ya picha.

Hatua ya 4: Funga kila kitu

Hapa ndipo panorama nyingi zinapoharibikia. Kamera isiruhusiwe kuamua lolote katikati ya safari. Weka hali ya M, ile ya kupanga kila kitu kwa mkono. Pima mwanga sehemu angavu kuliko zote utakazopiga, kisha usibadilishe tena: tundu la lenzi f/8 au f/11, wepesi wa sensa ISO 100, kasi ya shata yoyote inayotokana na hapo. Fokasi ukishaipata, izime isijitafute upya. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua, sio otomatiki, la sivyo kipande chenye mpunga mwingi kitatoka na rangi tofauti na jirani yake. Piga RAW, yaani faili ghafi, kama kamera inaweza.

Kichujio cha polaraiza, kile cha kukoza bluu ya anga, kivue. Kinafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na panorama inavuka sehemu hizo. Utapata utepe wa bluu nzito katikati ya anga.

Hatua ya 5: Piga

Kila kipande kishirikiane theluthi moja na kilichotangulia. Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya sensa kamili iliyosimama wima, kipande kimoja kinaona nyuzi 27 hivi, na kila kinachofuata kinaongeza 18. Vipande saba vinakupa nyuzi 135, upana unaotosha shamba lolote. Kwa kamera ya megapikseli 24, hiyo ni picha ya pikseli 20,000 kwa 6,000 kabla ya kukata kingo. Unaweza kuichapisha mita moja na nusu ukasogea ukahesabu miche.

Piga picha ya kiganja chako kabla ya kipande cha kwanza na baada ya cha mwisho. Ukifika nyumbani utajua kila seti inaanzia wapi. Usikawie kati ya vipande, mawingu yanatembea.

Hatua ya 6: Unganisha

Hugin ni programu ya kuunganisha picha, ya bure, na inakubali Windows, Mac na Linux. Pakia vipande, iachie itafute alama zinazolingana, halafu ufute zile ilizoweka kwenye mawingu au majani. Chagua umbo la silinda, kata kingo, toa faili la TIFF.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, niache?*
Marahaba, usiache. Gusa skrini na kushikilia mpaka mwanga na fokasi vifungwe, kisha piga vipande vya kawaida simu ikiwa wima na uviunganishe kwenye kompyuta. Ile panorama ya simu yenyewe hukuunganishia papo hapo, na ikikosea huna vipande vya kurudia.

*Kaka, niko Karatu. Mahindi yangu ya mbele yanatoka majani mawili mawili.*
Huo ni upepo. Piga mapema zaidi, na kipande chenye mahindi ya karibu kipige mara tatu uchague kilichotulia. Hugin ina sehemu ya maski: funika jani kwenye kipande kimoja, itachukua la kipande cha pili.

*Ukingo wa shamba ulionyooka umetoka upinde. Ni lenzi?*
Ni umbo la silinda. Linanyoosha vilivyosimama na kupinda mistari ya kulala iliyo juu au chini ya upeo wa macho. Usisimame sambamba na ukingo mrefu. Simama pembeni, ukingo uingie picha kwa mshazari.

*Mwalimu, huku Kibosho ni kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, na migomba imeziba kila kitu. Panorama inawezekana?*
Inawezekana, kwa njia mbili. Ndani ya kihamba vitu viko karibu, kwa hiyo kamera izunguke kwenye sehemu sahihi ya lenzi, ile ambayo ukizungusha, vya karibu havihami mbele ya vya mbali. Simika vijiti viwili, kimoja nyuma ya kingine, uvione kama kimoja. Zungusha kamera: kijiti cha mbele kikiachana na cha nyuma, irudishe kamera nyuma kidogo kwenye reli ya stendi, urudie mpaka visiachane. Njia ya pili, ambayo ningeanza nayo, ni kuvuka korongo na kupiga kutoka ukingo wa ng'ambo kwa mm 85 au 100. Kutoka huko utaona migomba juu, kahawa chini yake, na mfereji ukikata katikati, vyote kwenye mteremko mmoja.