Rubani na Mwongoza Ndege Wanapotofautiana Kuhusu Mahali Ndege Ilipo

Mwongozo huu unawalenga marubani wanafunzi na marubani wapya wa ndege ndogo wanaoruka kati ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam, ambako safari ni fupi na muda wa kusahihishana angani ni mdogo.

Mwongoza ndege akikuambia kuwa uko mahali ambapo kwa hesabu zako hupo, chukulia kwa muda kwamba huenda nyote wawili mna sababu, kisha iendeshe ndege kwa namna itakayokuwa salama kwa kauli zote mbili. Baki kwenye kimo ulichoruhusiwa mara ya mwisho, usianze kuteremka kwa kutegemea mahali penye ubishi, na tazama nje, kwa sababu ndege nyingine huenda imepangiwa njia kwa kudhani kwamba wewe huko hupo. Ukipewa agizo ambalo kwa hali unayoiona linahatarisha ndege, sema mara moja kwamba huwezi kulitekeleza na utaje sababu; kanuni za kimataifa zinampa rubani mkuu mamlaka ya mwisho juu ya ndege yake.

Baada ya hapo eleza ulipo pamoja na namna ulivyopajua. Kusema tu kwamba uko maili 10 hakutoshi: taja maili 10 kutoka wapi, upande gani, kwa kimo gani, na kama umesoma kwenye GPS, kwenye DME (kifaa kinachopima umbali hadi kituo cha redio cha ardhini) au umetazama ardhi kwa macho. Tofauti nyingi huisha hapo hapo, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakipima kutoka sehemu mbili. GPS hupima umbali wa chini kwa chini hadi nukta uliyoichagua, ilhali DME hupima umbali wa mshazari kutoka ndege hadi kituo, kiasi kwamba rubani aliye juu kabisa ya kituo kwa futi 6,000 bado atasoma takriban maili 1. Kagua pia kipimo: maili ya baharini ni mita 1,852, na tableti iliyobaki kwenye kilomita inaweza kukuweka karibu mara mbili ya umbali wako halisi bila kukuonyesha dalili yoyote ya kosa.

Anayetumia macho ana kazi kubwa zaidi kuliko anavyodhani. Bawe na Chumbe vyote viko magharibi ya Unguja, vyote ni vidogo na vya kijani, na katika mvua ya masika kimoja huonekana kama kingine. Hata hivyo, Bawe iko upande wa Mji Mkongwe, kaskazini-magharibi ya Uwanja wa Abeid Amani Karume, na Chumbe iko kusini yake. Kwa kuwa njia ya kurukia ya uwanja huo, 18/36 (namba za mwelekeo wa ncha zake, nyuzi 180 na 360), imelala kaskazini na kusini, anayevichanganya huwa amejitangaza kwenye ncha isiyo yake. Kwa hiyo usitaje kisiwa mpaka ukithibitishe kwa alama ya pili. Chumbe ina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, Bawe haina.

Saa nayo huleta ubishi wa mahali. Ripoti hutolewa kwa UTC, saa ya kimataifa ya usafiri wa anga, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, na juu ya hilo sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Ukiandikiwa na ofisi kwamba abiria wanatarajiwa saa 3 asubuhi, hiyo ni 0600 UTC. Anayeandika 0300 ameutangulia ukweli kwa saa 3 nzima, na makadirio yake ya kufika Pemba hayatalingana na karatasi ya mnarani.

Kuhusu kimo, kumbuka kwamba transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, hutuma kimo kilichopimwa kwa shinikizo la hewa la hektopaskali 1013 bila kujali namba ya shinikizo uliyoweka kwenye altimita, yaani kipima kimo. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 ni takriban futi 27 hadi 30, hivyo kosa la 10 linakaribia futi 300, ambazo ndizo mpaka wa tofauti inayokubalika katika anga ya kawaida. Mwongoza ndege atakuomba ukague namba hiyo. Ikague kwa macho, usijibu kwa kumbukumbu.

Mwongoza ndege mwenye rada naye anaweza kuwa anaangalia alama ya ndege nyingine. Njia ya haki ni kukutaka ubonyeze kitufe cha utambulisho cha transponda, au ugeuze mwelekeo kwa nyuzi 30 au zaidi, ili aone ni alama ipi iliyokutii. Pasipo rada, picha yake yote imejengwa kwa maneno ya marubani, na neno moja lisilo sahihi huipotosha.

Kinachonisumbua zaidi ni adabu. Kijana wa Kizanzibari aliyelelewa asimpinge mkubwa hurudia agizo kwa upole hata moyo wake ukikataa, na mwongoza ndege mgeni kazini humwachia rubani mkongwe. Huko Milan, uwanja wa Linate, tarehe 8 Oktoba 2001, rubani wa Cessna aliyepotea kwenye ukungu alitaja alama ya S4 iliyochorwa kwenye njia ya ardhini ya uwanja. Mwongoza ndege hakuifahamu alama hiyo, hakuuliza zaidi, Cessna ikagongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka, na watu 118 wakafa. Karibu na Cali, Kolombia, Desemba 1995, mwongoza ndege asiyekuwa na rada aliona maombi ya marubani hayaendani na walipodai kuwa, lakini Kiingereza chake hakikumtosha kuhoji, na ndege ikagonga mlima. Sisi tuna Kiswahili cha pamoja, ila kwenye redio baki na Kiingereza rahisi, kwa sababu rubani wa kigeni aliye kwenye masafa hayo anahitaji kujua mnabishania nini.

Mkishaafikiana, acha mjadala wa nani alikosea. Ukishatua, andika saa kwa UTC, masafa, kimo na maneno unayoyakumbuka, kisha peleka taarifa kwa mwajiri wako na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Fanya hivyo mapema: kanuni za kimataifa zinataka kumbukumbu za sauti za waongoza ndege zihifadhiwe kwa siku 30 tu kama hakuna aliyeomba zitunzwe zaidi.