Jinsi ya kuonyesha fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na AC Milan, Istanbul 2005, kwenye kibanda cha mpira, watu wakae mpaka penati ya mwisho

Kwanza kabisa ndugu yangu, usionyeshe magoli peke yake. Mimi ndio kosa nililofanya mara ya kwanza hapa Bombo, Uganda, nilipata klipu ya dakika kumi kwenye simu ya mtu nikairusha ukutani, vijana wakaangalia magoli sita na penati, halafu mmoja akauliza sasa maajabu yako wapi, 3-3 si tunaziona kila wikendi. Na alikuwa na haki yake. Liverpool kurudi kutoka 3-0 hakuna utamu kama mtu hajakaa dakika 45 nzima akaona Milan walivyokuwa wanawapeleka wanavyotaka. Tafuta mechi nzima, kuanzia timu zinatoka mpaka kombe linainuliwa, iweke kwenye flashi mbili na uiangalie yote wewe mwenyewe siku moja kabla, maana mimi flashi ilishanigomea dakika ya 70 kibanda kimejaa.

Mechi ilichezwa tarehe 25 Mei 2005, ikaanza saa 3:45 usiku. Wakati ule saa ya Istanbul na saa yetu huku zilikuwa sawa kabisa, kwa hiyo walioitazama moja kwa moja walitoka kibandani saa sita imeshapita. Wewe anza watu wakishatoka swala ya isha tu, na uhesabu kama masaa matatu, kwa sababu kuna dakika za nyongeza na penati. Jenereta ijazwe mafuta kabla mtu hajaingia, umeme ukikatika Milan wakiwa wanaongoza watu wakitoka nje hawarudi tena. Mama wa kikomando, yaani chapati na maharage, mwambie mapema akae karibu na mlango. Shuka jeupe la kuonyeshea picha livutwe likaze.

Kabla hujabonyeza, ongea dakika tano, zisizidi. Waambie Milan hiyo ilikuwa ni Dida golini, mbele yake Cafu, Stam, Nesta na Maldini, halafu Pirlo, Gattuso, Seedorf na Kaká, juu Shevchenko na Crespo. Yataje polepole, wazee utawaona wanatikisa kichwa. Liverpool msimu ule walimaliza ligi namba tano, hata Everton walikuwa juu yao! Na kama kibanda chako kina watu wa Arsenal na United, nao wape chao, siku nne tu kabla timu zao zilikutana Cardiff fainali ya Kombe la FA na Arsenal wakashinda kwa penati.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Matokeo wanayajua, huwezi kuwaficha, kila mtu ana simu. Kwa hiyo wape mtu wa kumfuata. Mimi huwa nawapa Djimi Traoré, beki wa kushoto wa Liverpool, namba 21, nawaambia msimwache huyu macho. Mpira unaanza, hata dakika haijaisha, Traoré anamchezea faulo Kaká, Pirlo anapiga, Maldini anafunga. Watu wote wanamgeukia Traoré, na mechi imeshakuwa yao.

Kipindi cha kwanza nyamaza. Sauti ya mtangazaji punguza kidogo lakini kelele za uwanja ziache. Kuna sehemu moja tu ya kusema: mpira unagonga mkono wa Nesta ndani ya boksi, Liverpool wanalilia penati, refa anapeta, na papo hapo Milan wanakimbia nao mpaka Crespo anafunga la pili. Rudisha mara moja watu waone, wabishane, halafu endelea. Goli la tatu usiseme kitu, ile pasi ya Kaká inajieleza yenyewe.

Mapumziko simamisha kweli, robo saa, watu wanunue chapati na maharage. Hapo ndio unasimulia ya chumba cha kubadilishia nguo: kocha wa Liverpool Benítez alishaamua Traoré anatoka, na jamaa akawa anajiandaa kwenda kuoga, halafu mtu wa tiba wa timu akaja kusema beki wa kulia, Finnan, ameumia hawezi kuendelea, basi Traoré akaambiwa vaa viatu, rudi. Watu wakirudi kukaa ongeza spika, wasikie mashabiki wa Liverpool wanavyoimba wakiwa wamefungwa tatu. Nikifika hapo mimi mwili husisimka, kila mara.

Kipindi cha pili eleza kitu kimoja tu, kiungo wa Liverpool, Hamann. Kaká alikuwa anazunguka peke yake nyuma ya viungo wa Liverpool, hakuna wa kumkaba, basi Hamann anaingia kukaa pale, nyuma wanabaki mabeki watatu, na nahodha Gerrard anapata ruhusa ya kupanda. Halafu nyamaza tena. Dakika ya 54 Gerrard kwa kichwa, 56 Šmicer kwa mkwaju wa mbali, 60 Alonso anapiga penati, Dida anapangua, Alonso mwenyewe anamalizia. Dakika sita! Mara ya mwisho nilipoonyesha kuna mzee alikuwa na kikombe cha chai mkononi tangu goli la Gerrard, la tatu linaingia bado hajanywa hata funda.

Baada ya hapo watu hulegea, usikubali wakuambie peleka mbele. Dakika ya 70 hivi Shevchenko anapiga, na anayeuokoa mpira mstarini ni nani? Traoré. Kibanda kitalipuka kuliko kwenye magoli.

Nyongeza waonyeshe beki wa Liverpool, Carragher, misuli imemkaza na bado anajitupa miguuni kwa watu, na Gerrard amerudi kucheza beki wa kulia. Dakika ya 117 Shevchenko anapiga kichwa, kipa wa Liverpool, Dudek, anautema, mpira unamrudia Shevchenko golini kabisa, anapiga tena, mkono wa Dudek unaurusha juu ya mwamba. Hiyo rudisha hata mara tatu.

Kwenye penati waambie wamwangalie Dudek anavyochezesha miguu mstarini. Carragher ndiye alimkumbusha afanye kama Grobbelaar, yule kipa wa Liverpool kutoka Zimbabwe, aliyewavuruga Roma kwenye penati za fainali ya 1984. Serginho anapaisha, Pirlo anapanguliwa, na mwishoni Shevchenko naye, 3-2. Usizime hapo, acha mpaka Gerrard anyanyue kombe.

Na mafuta ya jenereta bakisha kidogo taa ziendelee kuwaka, kwa sababu wazee hawataondoka, wataanza habari za SC Villa yetu ya Uganda 1991, fainali ya klabu bingwa Afrika na Club Africain, tukafungwa sita kwa mbili kule Tunis halafu moja moja Kampala. Wasogezee benchi vijana wakae karibu nao.