Somo: Jinsi ya kujenga timu ya soka la kulipwa kwa kutumia vijana

Mei 24, 1995, Vienna, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Dakika ya 85 Ajax na Milan bado hawajafungana. Frank Rijkaard wa Ajax, miaka 32, anapata mpira mbele ya boksi na kumpenyezea Patrick Kluivert, miaka 18, aliyetokea benchi kipindi cha pili. Kinda anapita katikati ya mabeki na kufunga. Bao moja, kombe likaenda Amsterdam. Watu wengi wanalikumbuka bao la kinda, mimi naikumbuka zaidi pasi ya mkongwe. Somo langu linaanzia hapo.

Hatua ya 1: Tafuta wakongwe kwanza

Najua umekuja kusoma habari za vijana, lakini usimpandishe hata mmoja kabla hujajua nani atasimama karibu naye. Kipa, beki wa kati mmoja na kiungo mkabaji: hizo ndizo nafasi ambazo kosa moja ni bao, na ndipo uwaweke watu wazima. Pembeni na mbele waachie vijana, maana huko kijana akipoteza mpira kuna watu nyuma yake wa kumsaidia. Ajax walirudia hesabu hiyo mwaka 2018: walimrudisha Daley Blind na kumnunua Dušan Tadić, na msimu huohuo wakafika nusu fainali ya Ulaya. Nahodha wao, Matthijs de Ligt, alikuwa beki wa kati mwenye miaka 19, ila aliyecheza ubavuni mwake alikuwa Blind.

Mkongwe usimchague kwa jina. Nenda ukamtazame mazoezini siku ambayo hakupangwa. Akinuna na kujitenga, achana naye hata kama miguu yake bado ina dhahabu, kwa sababu vijana wataiga kununa kabla hawajaiga pasi zake.

Hatua ya 2: Mfumo mmoja kutoka chini hadi juu

Kama timu ya vijana inaanza mashambulizi kwa kipa kupasia mabeki na timu ya wakubwa inabutua, kila unayempandisha anaanza shule upya. Kaa na makocha wote wa rika, mkubaliane.

Hatua ya 3: Chagua kichwa (akili) kabla ya kifua (umbo)

Kwenye timu za rika, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili huchaguliwa zaidi, kwa sababu tu wamewatangulia wenzao kukua. Wakifika miaka 20 tofauti hiyo imeisha, na yule mdogo wa Desemba mlimuacha zamani. Mimi naangalia mambo mawili: kabla mpira haujamfikia, anageuza shingo kuangalia nyuma yake? Na akipokonywa, sekunde tano zinazofuata anafanya nini?

Hatua ya 4: Dakika za kucheza zipangwe, zisitokee tu

Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibikiwa. Ngazi yangu ni hii: miezi kadhaa ya kufanya mazoezi na wakubwa, kisha benchi, kisha dakika 15 au 20 timu ikiwa inaongoza, ndipo aanze mechi nyumbani. Weka daftari moja la dakika zake zote, za klabu na za timu ya taifa. Pedri, kiungo wa Barcelona aliyetimiza miaka 18 katikati ya msimu, alicheza mechi zaidi ya 70 msimu wa 2020/21 ukijumlisha Euro na Olimpiki. Msimu uliofuata misuli ya paja ilimweka nje kwa muda mrefu.

Niwape na kosa langu. Nilimwanzisha beki wa kushoto, miaka 18, mechi yake ya kwanza. Dakika ya 20 akarudisha pasi fupi kwa kipa, tukafungwa. Mapumziko nikamtoa. Nilidhani namkinga na kelele za jukwaani. Wiki zilizofuata mazoezini, kila mara kipa alipoinua kichwa kutafuta mtu wa kumpasia, kijana alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa winga wa upinzani. Ilituchukua nusu msimu kumrudisha. Tangu siku hiyo, kijana akikosea kipindi cha kwanza, namrudisha uwanjani kipindi cha pili.

Hatua ya 5: Mikataba

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na uhamisho wake kwenda nchi nyingine umezuiwa isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Tunza kumbukumbu za usajili wake tangu ana miaka 12: akiuzwa nje ya nchi baadaye, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Na msiuze kikosi chote. Monaco walitwaa ubingwa wa Ufaransa 2017 wakiwa na kina Mbappé, wakauza nyota majira mawili ya joto mfululizo, na msimu wa 2018/19 wakamaliza nafasi ya 17.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kocha, wakongwe wangapi wanatosha?
Jibu: Kwenye kikosi cha watu 25, watano au sita. Uwanjani wasipungue watatu, na wasikae safu moja.

Swali: Mkuu, tumepoteza mechi tatu za mwanzo na mwenyekiti anataka turudishe wazee. Tufanyeje?
Jibu: Agosti 1995 Manchester United walikuwa wamewauza Ince, Hughes na Kanchelskis, wakawapa vijana nafasi zao, na wakaanza ligi kwa kufungwa 3-1 na Aston Villa. Kocha wao, Ferguson, hakuwaondoa vijana, na msimu ukaisha na ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA. Ila kumbuka walikuwepo wakongwe: Schmeichel, Bruce na baadaye Cantona, adhabu yake ya kufungiwa kucheza ilipoisha. Mwonyeshe mwenyekiti hatua ya 1 kwanza. Kama hamkuitimiza, ana hoja.

Swali: Kumtoa kijana kwa mkopo kwenda klabu nyingine kunafaa lini?
Jibu: Akishawazidi wenzake wa timu ya vijana na kwako hana dakika. Zungumza na kocha anayempokea kuhusu nafasi atakayocheza. Winga akipelekwa kukaa benchi mwaka mzima, umempoteza.

Swali: Mwanangu ana miaka 14, ameanza kurefuka ghafla na anaumwa chini ya goti. Kocha wake anasema ni uvivu.
Jibu: Pole, mzazi. Umri huo mifupa hukua kwa kasi, na maumivu hayo ni ya kawaida kwa wanaokimbia na kuruka sana. Siyo uvivu. Mpeleke kwa daktari, apunguziwe kuruka na kupiga mashuti, na wiki hizi aendelee na pasi na kupokea mpira tu. Atakuwa mzito mguuni kwa muda, asiachwe kwa sababu hiyo.