Ripoti haijakamilika? Weka QQ

Jana jioni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya Tandahimba aliniletea hapa steshenari, Newala, ripoti ya makusanyo ya korosho. Penye upungufu kuna pengo, kwingine vidoti, kwingine "bado". Tukafanya hivi.

1. Chagua alama moja ya kuweka kila penye upungufu. Yangu mimi ni QQ, maana Kiswahili hakitumii herufi hiyo, hivyo ukiitafuta huletewi maneno mengine. "Bado" haifai: ripoti ya korosho isiyo na "bado hawajalipwa" umeiona wapi? Sufuri ndiyo usiguse kabisa. Wanachama wataisoma kuwa hakuna mzigo ulioingia ghalani.

2. Andika kinachokosekana na kiko kwa nani: "QQ kilo za mnada wa tatu, aulizwe mtunza ghala."

3. Excel. Hii ilinikesha. Ukiandika QQ kwenye seli ya kilo, SUM hailalamiki. Inaruka maandishi, inajumlisha zilizobaki, na jumla inatoka safi, ila pungufu. Msimu mmoja nilisaka tani moja na ushee tangu saa mbili usiku mpaka adhana ya alfajiri, namshuku karani wa mizani wa watu. Nilishatafuta QQ kwa Ctrl+F nikajibiwa haipo, kumbe Excel hutafuta kwenye shiti uliyoifungua tu, na QQ yangu ilikaa shiti ya daraja la pili. Bonyeza Options, kwenye Within uchague Workbook.

Siku hizi seli ya namba naiandikia =NA(), halafu maelezo ya QQ nayaweka safu ya pembeni. Jumla nayo inageuka #N/A mpaka namba ije. Inachukiza kuitazama, na ndivyo ninavyotaka. Akija fundi wa kupendezesha na IFERROR yake, fomula ya kuficha kosa kama hilo, mnyang'anye mausi.

Rangi ya njano siitaki. Printa yangu ni nyeusi tupu, njano inatoka kivuli ambacho mwenyekiti anadhani ni uchafu.

4. Kabla ya kuchapa, tafuta QQ. Kwenye Word, vichwa vya kurasa na visanduku vya maandishi vipitie kwa macho pia.

Katibu ameondoka na QQ mbili, zote za mtunza ghala. Alitaka nimchapie hivyo hivyo, atajaza kwa kalamu. Nimemwambia, kaka, kesho.