Punje za Homoni Chini ya Ngozi: Ya Kufanya Kabla na Baada ya Kuwekewa

Msomaji wa Kiswahili akisikia neno kipandikizi, kwanza hukumbuka kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, ambacho kikileta taabu mhudumu wa afya hukitoa kikiwa kizima. Punje za homoni zinazoelezwa hapa ni kitu kingine. Ni vipande vya homoni iliyoshindiliwa, ama testosteroni (homoni ya kiume) ama estrojeni (homoni ya kike), kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 3 hivi na urefu usiozidi sentimita 1, ambavyo huingizwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi ya tako na kuyeyuka polepole kwa miezi mitatu hadi sita. Zikishaanza kuyeyuka, kuzitoa ni kazi ngumu, na aliyewekewa kipimo kikubwa kupita kiasi hana budi kusubiri mwili uzimalize. Kwa hiyo karibu kazi yote ya mgonjwa iko kabla ya siku ya kuwekewa.

Tiba hii imeenea zaidi Marekani, na jambo la kwanza kwa anayeishi huko ni kuuliza punje atakazowekewa zimetoka wapi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliidhinisha punje za testosteroni mwaka 1972. Zinauzwa kwa jina la Testopel, kila moja ina miligramu 75, nazo ni za wanaume. Hakuna punje ya estrojeni wala ya testosteroni iliyoidhinishwa na mamlaka hiyo kwa ajili ya wanawake. Zile ambazo kliniki nyingi huwawekea wanawake, na wanaume wengi pia, hutengenezwa na maduka ya dawa yanayochanganya dawa kwa maagizo ya daktari, na mamlaka haikuzipima usalama, ubora wala nguvu yake kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwaka 2020 jopo la wataalamu la Akademia za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani lilishauri matumizi ya homoni za kuchanganywa namna hiyo yawekewe mipaka. Muuzaji akijibu kwamba punje zake ni bora kwa kuwa ni homoni sawa na ile ya mwili, ajue msomaji kwamba estradioli (aina ya estrojeni) iliyo katika plasta za kubandika ngozini na jeli nyingi zilizoidhinishwa nayo ni ile ile ya mwili. Tofauti ni kwamba plasta hubanduliwa.

Kwa mwanamume, uchovu na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa havitoshi kuanzisha tiba. Testosteroni hupimwa asubuhi, kwa siku mbili tofauti, na ni vema awe hajala, kwa maana kiwango hushuka mchana na baada ya chakula. Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Mkojo cha Marekani hutumia kipimo cha chini ya nanogramu 300 kwa desilita, pamoja na dalili. Namba bila dalili si ugonjwa, na dalili bila namba zina sababu nyingine ya kutafutwa. Daktari mwangalifu atapima pia homoni za pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ili ajue kasoro iko kwenye korodani au kichwani, wingi wa chembe nyekundu za damu (hematokriti), na PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, kwa wenye umri unaostahili. Atauliza kuhusu saratani ya tezi dume na ya matiti, kukatika pumzi usingizini, na mshtuko wa moyo au kiharusi cha karibuni. Na kama hataki kuuliza juu ya watoto, mgonjwa aanze yeye mwenyewe: testosteroni inayotoka nje huzima amri ya ubongo kwa korodani, mbegu za kiume hupungua hata kufikia sifuri, na kurudi kwake kwaweza kuchukua miezi mingi. Mwanamume anayetarajia mtoto hivi karibuni hapaswi kuwekewa punje hizi.

Kwa mwanamke, swali la kwanza ni homoni gani na kwa ajili ya nini. Joto la ghafla na jasho la usiku vinavyofuatana na kukoma kwa hedhi hutibiwa kwa estrojeni, na kwa hiyo zipo plasta, jeli na vidonge vilivyoidhinishwa. Mwenye mfuko wa uzazi akipewa estrojeni lazima apewe na projesteroni au dawa ya jamii yake, la sivyo ukuta wa ndani wa mfuko huo huendelea kunenepa na hatari ya saratani huongezeka. Testosteroni ina suala lake. Tamko la pamoja la vyama vya kimataifa vya kitaalamu la mwaka 2019 lilikubali sababu moja tu ya kumpa mwanamke testosteroni: kupoteza hamu ya tendo la ndoa kunakomsumbua baada ya hedhi kukoma, na lilipendekeza kutotumia punje au sindano zinazopandisha kiwango kupita cha kawaida cha mwanamke. Chunusi na ndevu huweza kupungua dawa ikiisha, lakini sauti iliyokuwa nzito huenda isirudi. Ambaye bado anaweza kushika mimba asiwekewe testosteroni bila njia madhubuti ya uzazi wa mpango, kwa kuwa homoni hiyo humdhuru mtoto wa kike aliye tumboni.

Rai yangu kwa mwanamume ambaye vipimo vimethibitisha upungufu ni kwamba aanze na jeli kwa miezi michache, daktari akirekebisha kipimo, ndipo afikirie punje. Jeli isiyomfaa huachwa kesho yake.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Mgonjwa amweleze daktari mapema kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au kama dawa ya ganzi iliwahi kumdhuru, kisha aombe kuona pakiti kabla haijafunguliwa na aandike jina, miligramu, idadi ya punje, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Hulazwa kifudifudi au kwa ubavu, ngozi husafishwa na kutiwa ganzi, hukatwa tundu la milimita chache, na punje husukumwa kwa bomba la chuma liitwalo troka. Kidonda hufungwa kwa vipande vya plasta au uzi mmoja. Maelezo ya Testopel yanataja punje 2 hadi 6 kwa mara moja. Madaktari wengi huweka zaidi, na anayewekewa 10 au 12 ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo imetoka wapi.

Kwa wiki nzima hivi aepuke kukimbia, kuchuchumaa na uzito, kuendesha baiskeli, kuogelea na kujilaza katika beseni la maji. Punje hutoka zenyewe kupitia kidonda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa pakisuguliwa mapema. Ikitoka isirudishwe, bali ihifadhiwe na kliniki ijulishwe. Wekundu unaosambaa, usaha au homa havisubiri siku ya miadi.

Kisha kuna kufuatilia, ambako ndiko wengi hulegea kwa sababu hakuna dawa ya kila siku ya kuwakumbusha. Testosteroni ya mwanamume hupimwa mwishoni mwa kipindi, kabla ya punje mpya. Hematokriti hupimwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kila mwaka. Ikipita asilimia 54, damu imekuwa nzito na punje mpya hazistahili kuwekwa mpaka ishuke. Mkazi wa mahali palipoinuka kama Denver au Nairobi huanza na hematokriti ya juu kidogo, hivyo ana nafasi ndogo zaidi. Utafiti wa TRAVERSE uliotangazwa mwaka 2023, kwa wanaume zaidi ya 5,000 waliokuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi, ila uliona ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na la damu iliyoganda mapafuni. Nao ulitumia testosteroni ya jeli, kwa hiyo hauwezi kutolewa kama cheti cha usalama wa punje.

Kwa wanawake kalenda peke yake ni mtego. Uingereza, ambako punje za estradioli zilitumika kwa miaka mingi, madaktari walikutana na wagonjwa ambao joto la ghafla liliwarudia wakati estradioli katika damu ilikuwa bado juu. Wakiwekewa nyingine kwa kufuata dalili, kiwango hupanda juu ya kile cha awali, na safari inayofuata dalili hurudi mapema zaidi. Damu ipimwe kwanza, na punje isiongezwe kabla kiwango hakijashuka. Hata baada ya kuacha kabisa, estrojeni yaweza kubaki mwilini kwa miezi mingi, hivyo projesteroni iendelee hadi daktari aseme basi, na damu yoyote ya ukeni baada ya hedhi kukoma ichunguzwe.

Yale maandishi ya pakiti yahamishiwe kwenye kadi ndogo inayokaa pamoja na pasipoti. Anayesafiri kwenda Dar es Salaam au Mombasa na kuvimba mguu au kubanwa kifua huko atapokewa na daktari ambaye haoni chochote mwilini mwake isipokuwa kovu dogo takoni, na kadi hiyo itamweleza kwamba homoni bado inaingia kwenye damu na imebakiza wiki ngapi.