Shanga za alginati na mkaa za kunasa rangi kwenye maji

Kabla hujanunua chochote: mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, hautakufaa hapa. Ule hutoa karajinani, kigandishi cha aina nyingine. Sisi tunataka alginati, kigandishi cha mwani wa kahawia kinachoganda kikikutana na kalsiamu. Tafuta unga wa sodiamu alginati wa daraja la chakula.

1. Maji kwanza. Pima mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Ya kisima huwa na kalsiamu, na mchanganyiko utaanza kuganda hujawa tayari. Dukani kwa vipuri utapata "maji ya betri", lakini soma kibandiko: kuna chupa za asidi zinazoitwa jina hilohilo.

2. Koroga. Nyunyiza gramu 2 za unga kidogo kidogo, mkono usitulie. Mara ya kwanza niliumwaga wote kwa mpigo, nikavuna madonge yenye unga mkavu tumboni. Hata blenda iliyashindwa. Acha usiku kucha mapovu yatoke. Asubuhi tenga kidogo bila mkaa kwa ajili ya jaribio la hatua ya 5, kisha kwenye kilichobaki changanya taratibu gramu 1 ya mkaa amilifu uliosagwa (mkaa wenye vitundu vingi vya kunasa vitu).

3. Yeyusha gramu 2 za kalsiamu kloridi katika mililita 100 nyingine za maji.

4. Dondosha. Tumia bomba la sindano, sindano yenyewe uitoe. Matone yaangukie kwenye maji ya kalsiamu kutoka sentimita 10 hivi. Ukisogea chini mno, shanga huota mikia kama viluwiluwi. Tone hupata ngozi papo hapo. Ioni ya kalsiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, ina chaji mbili, hivyo hufunga nyuzi mbili za alginati pamoja. Sodiamu, yenye chaji moja, haiwezi. Ziache dakika 30 zigande hadi ndani, kisha suuza.

5. Jaribu. Chukua glasi tatu za maji, kila moja utie tone la methilini bluu, rangi ya buluu. Moja iache hivyo, ya pili weka shanga zako, ya tatu shanga zisizo na mkaa. Usiruke hiyo ya tatu: alginati ina chaji hasi, rangi hii ina chaji chanya, kwa hiyo sehemu ya kazi si ya mkaa.

Kwenye maji ya bahari shanga huvimba na kulegea, kwa kuwa sodiamu inaing'oa kalsiamu. Udhaifu huohuo ndio faida ya bandeji za kalsiamu alginati: majimaji ya kidonda huzigeuza jeli, zikabanduka bila kuchuna. Zako za jikoni usiziweke kwenye kidonda, hazijatakaswa. Na maji ya majaribio usiyanywe hata yakiwa meupe. Vijidudu bado vimo.