Mpira wa kupinda kwenye besiboli: vidole kwanza, nguvu baadaye

Mpira wa kupinda hushuka ghafla kwa sababu unazunguka kwa mbele, upande wake wa juu ukiviringika kumwelekea mpigaji. Mzunguko huo huisukuma hewa juu, nayo hewa huusukuma mpira chini. Mishono ndiyo inayoishika hewa, kwa hiyo mpira uliochakaa hadi nyuzi zimelala usijisumbue nao.

1. Kushika. Laza kidole cha kati juu ya mshono, kiufuate kwa urefu. Cha shahada kikae kando yake bila kukandamiza, gumba liwe chini, kwenye mshono wa upande wa pili. Acha nafasi kati ya mpira na kiganja, maana mpira uliokumbatiwa hauzunguki. Kiangazi cha Tabora hukausha vidole na mpira mpya huteleza. Usugue kwanza kwa udongo uliolowa kidogo, kisha uufute.

2. Kifuniko. Kabla ya mpira, rusha kifuniko cha plastiki cha kopo umbali wa mita 5, kikiwa kimesimama kwa ukingo. Kikienda kama gurudumu la baiskeli, mkono uko sawa. Kikilala kama sahani, umeugeuza mkono pembeni.

3. Kuachia. Hapa ndipo wengi hupotea. Mkono upite karibu na kichwa, kiganja kikitazama sikio, na kiwiko kisishuke chini ya bega. Mbele ya uso, kidole cha kati kivute mpira kwenda chini huku gumba likipanda. Fanya kama mtu anayepigilia msumari kwa nyundo, si kama anayezungusha funguo mlangoni. Huko kuzungusha funguo hakuongezi kupinda, na kiwiko ndicho kinacholipa.

4. Goti moja chini. Zungushia mpira mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito, ushike mstari ukiwa katikati ya vidole na gumba, umtupie mwenzako aliye hatua nane mbele. Akiuona mstari umetulia, sawa. Ukiyumba, mara nyingi ni kidole cha shahada kinachosukuma. Kinyanyue kidogo, utupe na cha kati peke yake.

5. Umbali kamili. Ni mita 18.44 kutoka kwa mtupaji hadi kituo cha mpigaji. Usiende huko kabla mipira minane kati ya kumi haijazunguka vizuri. Tupa kwa kasi ile ile ya mkono unayotumia kwa mpira wa moja kwa moja. Ukipunguza, mpigaji ameshakusoma.

Ukiuachia mapema, mpira unabaki umening'inia usawa wa kifua, mpigaji anaupiga mbali, na huo utaufuata chini ya miembe. Ukichelewa, unapiga chini mbele ya mdakaji. Kati ya makosa hayo mawili, bora hilo la pili.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Mpira unazama pungufu kwa upana wa vidole viwili hivi. Si kidogo, kwani gongo lenyewe halizidi sentimita 7 kwa unene. Hapa lenga chini kidogo. Ukienda Pwani, pandisha.

Chini ya miaka 14, ishia kwenye kifuniko. Wakubwa, mipira 15 kwa zoezi, mara mbili kwa wiki, na maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko yakianza, acha siku hiyo hiyo.